Hukumu ya Ulimi juu ya Sinema

Mtu hutoka sinema, akakutana na mwenziwe njiani, akaulizwa, "Vipi, ilikuwaje?" Naye hujibu kwa neno moja au mawili: "Upuuzi mtupu," au "Usiikose," kisha akajiendea zake. Je, neno hilo lina uzito wowote? Mwenye kulisema ameingia katika dhima, au ni upepo uliopita? Hili ndilo suali tunalotaka kulitazama pamoja na wasomaji wetu. Twajua wako watakaocheka wakiona karatasi yetu imeacha mambo makubwa ikashika mambo ya sinema. Twawaomba wavumilie mpaka mwisho, kwani jambo dogo likikaririwa kila siku ndilo lenye kumjenga mtu au kumbomoa.

Hatukusudii hapa kujadili kama kutazama sinema kwafaa au hakufai. Hayo yana mahali pake, na waliokwisha yasema ni wengi. Maneno yetu leo ni juu ya ulimi: ulimi wa aliyetazama, na ulimi wa asiyetazama lakini ana la kusema.

Kwanza tuwape wasemao haki yao. Mtu wa kawaida anapotaka kutoa fedha zake kutazama filamu hana cha kumwongoza ila vitu viwili: tangazo, na neno la aliyemtangulia. Tangazo limetengenezwa na mwenye kuuza, na mwenye kuuza hataji kasoro za bidhaa yake. Neno la aliyetangulia ndilo pekee ambalo halikulipiwa. Basi neno hilo, hata likiwa limesemwa kwa kicheko, ni namna ya nasiha, nalo limewafaa watu zamani na sasa. Tangu jumba la Royal lilipofunguliwa Unguja mwaka 1921, sinema na baraza zimekwenda pamoja pwani yetu. Filamu ya Kihindi iitwayo Awara, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa sana huku na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Alichokosa mmoja alielezwa na mwenziwe, na asiyefahamu neno alifahamishwa maana. Mtu akisema kwamba mazungumzo hayo yote ni upuuzi, atakuwa amewadhulumu watu waliokuwa wakifikiri pamoja bila ya kujua kuwa wanafikiri.

Wala jambo hili si la miji ya pwani peke yake. Tuchukue mfano wa Chepilat, senta iliyoko bara katika njia ya kutoka Kisii kwenda Sotik, pale zinapokutana nchi ya Wakipsigis upande wa Bomet na nchi ya Wakisii upande wa Nyamira. Ni nchi ya majani ya chai na ng'ombe wa maziwa. Katika senta za namna ile sinema si jumba lenye viti laini na pazia. Ni banda la mabati, mabenchi ya mbao, na televisheni iliyowekwa juu ili hata wa nyuma aone. Na siku hizi ni simu iliyoshikwa na mmoja na kutazamwa na watatu. Na filamu inayotazamwa mara nyingi haiji peke yake. Huja na sauti ya msimulizi, ambaye amechukua filamu ya Marekani, au ya India, au ya China, akaitia maneno yake ya Kiswahili na Sheng juu ya maneno ya wenyewe. Aliye mashuhuri kwa kazi hiyo nchini Kenya ni DJ Afro. Dar es Salaam alijulikana sana Lufufu, na Uganda wako wenye kazi hiyo vile vile kwa lugha yao.

Msimulizi huyo hutafsiri, lakini pia huongeza na hupunguza. Humpa mchezaji jina jipya, humcheka mwovu kabla uovu wake haujadhihiri, na penye kilio huweza kutia mzaha. Hatumlaumu, kwani amewafungulia mlango watu wasiojua lugha za kigeni. Lakini na tutambue kilichotokea. Kijana aliyekaa benchini amepewa filamu ambayo imekwisha hukumiwa. Akitoka nje akasema, "Filamu ile ni ya kuchekesha," huenda amesema kweli juu ya alichosikia, na huku waliotengeneza filamu walikusudia watu walie. Basi hata mwenye kuona kwa macho yake yampasa ajiulize: nimeona nini khasa, na nimeambiwa nini?

Hapa ndipo elimu yetu ya zamani inapotufaa. Wanavyuoni waliokusanya khabari za Mtume hawakutosheka na kuambiwa tu. Waliuliza: umelisikia kwa nani, na yeye kwa nani, na alikuwapo au hakuwapo? Waliyapima maneno kwa kuwapima wenye kuyachukua. Haiwezekani mtu kufanya hivyo kwa kila neno la sokoni, na hatutaki afanye. Lakini suali moja tu la elimu ile laweza kuulizwa hata kwenye banda la video, nalo ni hili: "Umeiona mwenyewe?"

Ukiliuliza suali hilo utakuta wasemao ni wa namna tatu. Yuko aliyeiona filamu mwanzo hata mwisho. Yuko aliyeona kipande chake, kile kilichokatwa kwa ajili ya tangazo au kilichotumwa kwenye simu. Na yuko aliyesikia tu. La ajabu ni kuwa huyu wa tatu ndiye mara nyingi mwenye sauti kubwa kuliko wote. Sababu yake haikufichika. Aliyeona yote akitaka kulaani hukumbuka mahali fulani palipomgusa, na akitaka kusifu hukumbuka mahali palipomchosha. Alichokiona humshika ulimi. Asiyeona hana cha kumshika. Hukumu yake ni nyepesi kwa kuwa haikubeba kitu.

Nani atakayesema kuwa hayo hayana madhara? Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria aliyeishi Marekani, alitengeneza filamu ya khabari za mwanzo wa Uislamu, iliyojulikana kwa Kiarabu kwa jina la Ar-Risala. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila moja na wachezaji wake. Katika filamu hizo Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Katika ile ya Kiingereza mchezaji Anthony Quinn aliigiza Hamza, ami yake Mtume. Lakini kabla watu hawajaiona, ilienea khabari kwamba Quinn ndiye aliyejitia umbo la Mtume mwenyewe. Mwezi wa Machi 1977, siku zile zile filamu ilipokuwa ikianza kuonyeshwa Marekani, watu wenye silaha walioongozwa na Hamaas Abdul Khaalis waliyateka majumba matatu mjini Washington, wakashika mateka zaidi ya watu 100. Walikuwa na malalamiko mengine mazito, kwani jamaa za kiongozi wao, pamoja na watoto wadogo, waliuawa mwaka 1973. Lakini miongoni mwa waliyoyadai ni kuwa filamu hiyo isionyeshwe. Mwandishi mmoja wa khabari za redio aliuawa kwa risasi, na wengine walijeruhiwa. Mabalozi wa Misri, Iran na Pakistan ndio walioingia kati na kuzungumza nao, hata wakaweka silaha chini.

Tutazame vizuri. Mwenye kuanzisha khabari ile huenda hakukusudia shari. Huenda alisema mezani, "Nasikia Quinn ndiye atakayekuwa Mtume," kama watu wasemavyo kila siku. Aliyemsikia akaondoa "nasikia," akabakisha yaliyosalia. Hivyo ndivyo porojo inavyogeuka ushahidi: kwa kupotea neno moja dogo njiani. Na leo filamu ile ile hutazamwa katika nyumba nyingi za Waislamu, wazee kwa watoto.

Sasa atasema msomaji: "Je, mwataka mtu atazame kila kitu kiovu ndipo apate kukikataa? Mbona sumu haionjwi?" Hili ni suali zuri, na jawabu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Kujizuia ni jambo moja, na kushitaki ni jambo jingine. Mtu akitia shaka juu ya filamu, ana haki ya kuiacha, na baba ana haki ya kuwazuia watoto wake kwa neno la mtu anayemwamini. Kwa kujizuia, shaka yatosha. Lakini akitoka mbele za watu akasema, "Filamu ile ina jambo fulani, na aliyeitengeneza alikusudia hivi," hapo amekuwa shahidi, na shahidi hatakiwi shaka bali kuona. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Hudhani kuwa uchaji wao katika kuacha umewapa ruhusa katika kusema. Haukuwapa.

Na atasema mwingine: "Mkitaka kila mtu apime neno lake, mtaua mazungumzo, na furaha ya sinema ni nusu yake kuizungumza." Twamjibu kuwa hatukutaka hivyo. Yako maneno matatu ambayo watu huyasema kama kwamba ni moja. La kwanza ni "Sikuipenda." Hili halina lawama, kwani msemaji ajitolea ushahidi nafsi yake, na hapana aijuaye nafsi ile kumshinda. La pili ni "Haifai." Hili ni hukumu juu ya kazi ya watu wengine, nalo lataka sababu. La tatu ni "Wanaoipenda hawana akili." Hili ni hukumu juu ya watu ambao msemaji hakuwauliza wamependa nini. Mwenye kusema la kwanza na asemaye. Mwenye kusema la pili na atoe sababu. Ama la tatu, bora aliache. Khatari yetu ni kuwa ulimi huruka kutoka la kwanza hadi la tatu kwa pumzi moja, na mwenyewe asitambue kuwa ameruka.

Turudi kwenye Awara. Ndani ya hadithi ile yumo hakimu mwenye itikadi kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi, na kwa itikadi hiyo alimhukumu mtu. Baadaye akasikiliza maneno ya watu juu ya mkewe, akamfukuza hali ya kuwa ana mimba. Mtoto akazaliwa njiani, akakulia katika ufukara, akafundishwa wizi na yule yule aliyedhulumiwa na baba yake. Hakimu hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye kuhukumu kabla ya kuona, na cheo chake kikaupa ulimi wake nguvu.

Sisi hatuna cheo chake, lakini tuna majirani. Na hapa ndipo mfano wa Chepilat unapotuonyesha kuwa jambo hili si la mchezo. Mpaka ule wa Sotik na Borabu uliona moto na damu mwaka 1992, ukaona tena mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Hatusemi kuwa sinema ndiyo iliyoleta hayo. Yalikuwa na sababu zake za siasa na za ardhi, na waliochochea walijua walitendalo. Twasema kwamba ulimi ni ule ule. Mwenye kuzoea kusema "Nimeona kipande, yatosha" juu ya filamu, kesho atasema hivyo hivyo juu ya kabila zima: amemwona mmoja sokoni, mengine amesikia, na hukumu imekwisha. Benchi la banda la video huweza kuwaweka vijana wa pande mbili bega kwa bega, wakacheka pamoja kwa saa mbili. Ni fursa adhimu kuwa hapo hapo wajifunze kuambiana, "Wewe umeona vile, mimi nimeona hivi," bila mmoja kumtoa mwenziwe katika ubinadamu kwa ajili ya filamu. Aliyejifunza hilo katika jambo lisilo na gharama, huenda likamfaa siku ya gharama kubwa.

Nasi watu wa pwani tusijione tumesalimika. Barazani kwetu filamu, kitabu, mhadhara wa sheikh na ndoa ya jirani zote hupita katika kinywa kimoja na kupimwa kwa mizani moja, nayo ni "wasema watu." Twawanasihi wazazi na walimu wa madrasa jambo moja jepesi. Mtoto akija na hukumu ya filamu, wasimkemee wala wasimsifu. Wamwulize kwanza: "Umeona nini?" Akisha kueleza, ndipo wamwulize: "Umeipenda?" Mpangilio huu wa masuali mawili ni mafunzo makubwa kuliko unavyodhaniwa. Humzoeza mtoto kuweka alichokiona mbele na alichokihisi nyuma, na kujua mpaka ulio baina yao.

Na sisi wakubwa, tukiulizwa juu ya filamu ambayo hatukuiona, liko jawabu fupi ambalo halijamvunjia mtu heshima hata siku moja: "Sijaiona." Mafanikio yatoka kwa Mwenyezi Mungu.