Amana Iliyong'aa

Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Mwalimu wetu wa Hisabati aliondoka Eldas na begi moja. Gita halikupata nafasi kwenye gari. "Niwekee, kijana yangu," akaniambia. Asubuhi hiyo darasa zima tuliandika majina yetu kwa biro mgongoni mwa lile gita, naye akacheka akatuacha.

Likakaa juu ya kabati la mama miaka minne. Mimi nikaenda chuo, nikaacha mwaka wa pili, nikarudi, nikapata kazi ya kuosha magari Wajir mjini. Hapo ndipo nilipojua nguvu ya polishi: Probox iliyochoka inaingia, inatoka kama ya bwana harusi.

Juzi Mwalimu alipiga simu. Anatuma mtu alichukue. Niliona aibu kulirudisha na vumbi la miaka minne, si unajua. Nikachukua polishi ya gari, ile ya kusugua mikwaruzo, kisha nta. Nusu saa tu na gita likameta. Majina yetu yote yakabaki kwenye kitambaa.

Nilikosa nini hasa? Sikuiba. Sikuvunja. Nimelirudisha zuri kuliko nilivyolipokea.

Hata chombo hakikuwa cha kigeni kabisa. Rangi ya gita na ya gari ni ndugu: miaka ya 1950, kampuni ya Fender kule California ilipaka magita yake rangi za DuPont zilizotengenezwa kwa ajili ya magari. Lakini polishi ya kusugua ina chembe ndogo zinazokwangua. Inaondoa uchafu pamoja na ngozi ya vanishi. Mgongo uliokuwa umefifia ukishang'aa, haurudi. Na nta nyingi za gari zina silikoni. Ikijipenyeza kwenye ufa, siku fundi akitaka kupaka vanishi mpya, itakataa kushika.

Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani, amepiga gita moja tangu 1969. Limetoboka kwa kukwaruzwa, na marafiki zake wameliandika majina yao. Tangu miaka ya 1990, Fender yenyewe huuza magita mapya yaliyochakazwa makusudi, kwa bei ya juu. Kuna watu wananunua makovu wasiyoyapata kwa kuishi. Mimi nimefuta ya bure.

Utaniambia: basi tusisafishe chochote? Hapana. Jasho hula nyuzi, vumbi hukwaruza. Kuacha kitu cha mtu kioze ni kosa vilevile. Kwetu amana si kukitazama tu, ni kukitunza.

Ila nadhani mpaka uko hapa: kitambaa chenye unyevu kidogo kinaondoa vumbi na kumwachia mwenyewe nafasi ya kuamua mengine. Polishi iliamua kwa niaba yake. Kitambaa hakijui tofauti ya uchafu na alama, kwa sababu vyote viwili vinakaa juu ya ngozi ileile. Anayejua ni mwenye kitu, na mimi sikumuuliza. Simu ilikuwa mfukoni, na bando lilikuwepo.

Nikikumbuka vizuri, sikulisafisha kwa ajili yake hata kidogo. Nilitaka aone kijana aliyeacha chuo bado anaweza kufanya kitu kikatoka safi. Wema wangu ulikuwa unanitazama mimi.

Nilimtumia picha. Akajibu kwa sauti, akicheka kidogo: "Zuri sana. Hili ni la nani?"

Nimeanza kuwatafuta wale wa darasa letu, mmoja mmoja. Nimepata kumi na moja. Wengine sijui walipo. Sitaandika majina yao upya kwa mwandiko wangu. Huo nao ungekuwa polishi. Nitampigia Mwalimu leo usiku, kabla gari halijaja.