Udhuru na Safari ya Mtoni

Katika nchi hii ya Ugogo, ambayo mito yake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu unaofukuliwa na watu wanaotafuta maji, si jambo la kila siku mtu kutamani kupanda chombo na kuteremka na mkondo kwa starehe tu. Na tamaa hiyo ikimtoka mtu asiyeweza kusimama, wasikilizaji huiona kuwa ni dhihaka, au ni dalili ya uzee. Ndivyo yalivyomkuta mwalimu mmoja mstaafu hapa Dodoma, ambaye kiharusi kimemweka katika kiti mwendo, alipowaambia wanawe kwamba anataka kupanda ile treni ya umeme iliyoanza kufika kwetu mwaka 2024, ashukie Dar es Salaam, kisha apelekwe kwa gari mpaka Mloka, akauone mto Rufiji akiwa ndani ya boti. Hoja yake ilikuwa ya mwalimu wa jiografia: mvua inyeshayo Kondoa huchukuliwa na mto Bubu ikaishia katika kinamasi cha Bahi, isiione bahari abadan, lakini ile inyeshayo upande wa Manyoni huingia mto Kizigo, ikafika Mtera, ikaufuata Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, naye aliyewachorea watoto njia hiyo ubaoni miaka mingi hajapata kuuona mwisho wake. Bintiye mkubwa akamjibu kwa adabu, "Baba, Mwenyezi Mungu amekwisha kukupa udhuru. Pumzika."

Jibu hilo limejaa mahaba, wala nia yake sina shaka nayo. Lakini ndani yake mna kosa la fikira lililo la zamani sana. Wasomaji wa sira wanamjua Amr bin al-Jamuh, Ansari wa Madina aliyekuwa kiguru, ambaye siku ya Uhud wanawe walitaka kumzuia asitoke, wakishika hoja hiyo hiyo kwamba Mungu amemsamehe. Mzee akaenda kuwashitaki kwa Mtume. Na Mtume, baada ya kumthibitishia kwamba kweli hakulazimishwa, akawageukia wanawe akawaambia wasimzuie. Akatoka, akafa shahidi. Hukumu mbili zilipita katika kikao kimoja: kwa mzee, kwamba hana lawama akibaki, kwa wanawe, kwamba hawana haki ya kumbakiza. Udhuru ni mlango aliofunguliwa mwenye dhiki apite akipenda, na aliye mzima akiushika ufunguo wake akaufunga kwa nje, hata kwa mapenzi, ameigeuza rehema kuwa kifungo.

Utaniambia kwamba Amr alikwenda vitani, na mwalimu wetu anakwenda kutazama viboko. Naam, na hapa ndipo penye uzito wa suali. Twakubali bila ya ubishi kumjengea mlemavu njia ya mteremko zahanati, msikitini na ofisini, kwa kuwa huko anakwenda kwa haja. Akitaka kwenda kutazama tu, twamuuliza atafaidi nini, jambo ambalo hatumuulizi kamwe mwenye miguu anayekwenda Mikumi na watoto wake siku ya Idi. Qurani yawaamrisha watu watembee katika ardhi watazame jinsi viumbe vilivyoanzishwa, wala sijaona mfasiri aliyeifunga amri hiyo kwa wenye nyayo. Na Bibi Umm Salama, alipougua katika hija, aliambiwa atufu akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu, na tawafu yake haikupungua kitu.

Na chombo cha majini, kwa ajabu yake, hakijali miguu. Katika boti zile bapa za Rufiji nahodha huwataka abiria wote wakae, na aliye mzima akisimama apige picha huamriwa aketi. Muda wa safari nzima hakuna anayekwenda, wote huchukuliwa. Basi kilema cha mwalimu, mkikitafuta, hamtakikuta mtoni: kiko ukingoni, katika hatua tatu nne baina ya nchi kavu na boti. Mchanga huyameza magurudumu madogo ya mbele, kwa hiyo mjuzi hukigeuza kiti akakivuta kinyumenyume, makubwa yakitangulia. Ubao wa kupandia ukiwa mwembamba kuliko kiti, safari imekwisha hapo. Na maji ya kiangazi yakishuka, ukingo uliokuwa sawa na boti wakati wa masika huwa genge. Mwenye kigari cha betri ana dhiki zaidi, kwani hakibebeki mpaka kwanza kitolewe betri na kiti chake.

Wakristo wa Ugogo wanayo hadithi ambayo nadhani wanaielewa kuliko wanazuoni wa Ulaya, ile ya mtu aliyepooza, ambaye wachukuzi wake wanne, walipozibiwa njia na umati, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa paa na kumteremsha mbele ya Yesu. Maana nyumba ya tembe, yenye paa bapa la miti na udongo, ndiyo nyumba ya babu zao, na kuitoboa kwa jembe si muujiza. Wahubiri huisifu imani ya wale wanne. Mimi humfikiria aliyekuwa kitandani, akining'inia mbele ya halaiki ya watu, na Injili haisemi kama aliulizwa. Kubebwa nako kunataka ridhaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, imekwisha kuliondoa jambo hili katika mlango wa sadaka na kulitia katika mlango wa haki, ingawa ubao wa boti haujapata habari.

Imebaki hatari, nayo siidharau: kiti hakiogelei, na mamba hasomi sheria. Lakini hatari hupimwa na mwenye nafsi yake, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, breki zimekazwa, na kiti kimefungwa kwenye boti bila ya yeye mwenyewe kufungwa kwenye kiti. Bintiye, ambaye siku hizi ndiye anayewapigia simu wenye boti, huanza kwa kuuliza upana wa ubao, ndipo aulize bei.