Jiwe na Kazi ya Mkono

Watu wengi hudhani kwamba thamani ni ngao ya kitu. Kitu cha bei kubwa hufungiwa kabatini, hulindwa na kurithishwa. Kitu cha bei ndogo hutupwa. Lakini ukiitazama historia ya masonara wa Ufaransa, msomaji, waweza kufikiri vingine. Huko utaona vitu vilivyoangamia kwa sababu ya ughali wake, na vingine vilivyosalia kwa sababu ndani yake hamkuwa na cha kutamaniwa isipokuwa uzuri.

Mwaka 1810 Napoleon I alimwoa Marie-Louise, binti wa Kaisari wa Austria, akampa mapambo ya zumaridi na almasi yaliyofanyizwa katika karakana ya Nitot mjini Paris. Yalikuwamo taji dogo, kidani, vipuli, kitana na bizimu ya mshipi, vyote vimebuniwa pamoja ili vivaliwe pamoja. Taji peke yake lilikuwa na zumaridi 79. Napoleon alipoanguka, mkewe alirudi kwao na mapambo yake, nayo yakakaa mikononi mwa jamaa zake zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1953 taji lilinunuliwa na masonara mashuhuri wa Paris, Van Cleef & Arpels. Wakazing'oa zumaridi zote, wakazitia katika mapambo mapya na kuziuza mojamoja. Na mahali pake wakapachika feruzi za Uajemi. Taji hilo la feruzi liko Washington, katika makumbusho ya Smithsonian. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Kidani, ndugu yake taji hilo, kilikuwa na bahati nyingine. Kilidumu kizima na zumaridi zake 32, na mwaka 2004 kikaingia katika jumba la makumbusho la Louvre. Huko kilikaa hata tarehe 19 Oktoba 2025, wezi walipovunja dirisha mchana kweupe wakatoka na vipande vinane vya mapambo ya wafalme, kidani hicho kikiwa kimojawapo. Wajuzi wa mambo haya hawakuogopa sana kwamba kitauzwa. Kitu kinachojulikana na dunia nzima ni vigumu kukiuza. Waliogopa kwamba kitang'olewa mawe. Yaani mwizi alidhaniwa atafanya katika kidani yale yale ambayo mfanyabiashara mwaminifu alikwisha kuyafanya katika taji.

Je, wana tofauti gani hawa wawili? Kwa upande wa mali, tofauti ni kubwa mno: mmoja alitoa fedha, wa pili alitoa nyundo. Lakini kwa upande wa fundi yule wa mwaka 1810, aliyeinama juu ya meza yake akipima jani la almasi lipinde wapi na jiwe likae wapi, hasara ni moja. Zumaridi haikupotea. Ilikuwako ardhini kabla ya Nitot kuzaliwa, na yaweza kudumu maelfu ya miaka. Kilichokufa ni wazo la mtu, na wazo hilo halikuandikwa mahali pengine popote kwa namna ile.

Pengine utanijibu kwamba pambo si kaburi. Lilifanyizwa livaliwe na walio hai, na aliye hai ana haki ya kulipinda lifuate mwili wake na siku zake. Jibu hilo lina nguvu, nami sitaki kulipita mbio. Mama apelekaye bangili za marehemu bibi yake kwa sonara wa Mombasa ziyeyushwe, ili binti yake apate mkufu wa arusi, hamkosei bibi. Dhahabu ya nyumba imeendelea kukaa nyumbani. Wafalme wa Ufaransa nao walifanya hivyo. Almasi za ufalme walirithishana, lakini karibu kila enzi iliita masonara wake kuziweka upya. Siku za Louis XV zilipenda mizingo, maua na tepe zilizofungwa. Napoleon akataka fahari ya Roma ya kale, majani ya ushindi na nyuso zilizochongwa katika mawe. Kisha Eugénie, mkewe Napoleon III, akatamani tena tepe na maua ya zama za Marie-Antoinette. Kila mtindo ulimla uliotangulia. Na kama usingemla, mafundi vijana wangepata wapi kazi?

Hata hivyo naona mpaka hapa, ingawa ni mwembamba. Ni jambo moja kuyeyusha kwa ajili ya mtu unayempenda, na ni jambo jingine kuyeyusha kwa ajili ya bei. Katika la kwanza kazi ya kale hubadilishwa kwa kazi mpya; katika la pili kazi huhesabiwa kuwa ganda, huvunjwa ili kokwa litolewe. Zumaridi za Marie-Louise hazikung'olewa ili binti yake apambwe.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mwaka 1722 Louis XV alitawazwa kwa taji lililobeba almasi maarufu ziitwazo Regent na Sancy. Mwaka 1729 mawe yake ya kweli yaliondolewa, vikatiwa vioo. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yakaja yakapita. Mwaka 1887 jamhuri ikauza kwa mnada sehemu kubwa ya johari za ufalme, ili pasiwe na mtu wa kuota kiti cha enzi. Na katika mataji yote ya wafalme wa kabla ya mapinduzi limesalia hilo moja tu la vioo. Methali yatuonya kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Ni kweli; lakini nani angehangaika kulivunja taji la vioo?

Fundi mmoja alifanya kwa kukusudia yale ambayo taji hilo lilipata kwa bahati. René Lalique, aliyezaliwa mwaka 1860, alijifunza kazi wakati almasi za Afrika Kusini, zilizogunduliwa tangu mwaka 1867, zilipokuwa zikimiminika katika maduka ya Paris. Pambo lilikuwa likisifiwa kwa wingi wa mawe yake. Lalique akachukua pembe ya ng'ombe, akaichonga majani na maua. Akayeyusha kioo cha rangi juu ya dhahabu. Na jiwe akalichagua kwa rangi yake, si kwa bei. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu walisongamana kuzitazama kazi zake. Tajiri wa mafuta Calouste Gulbenkian alinunua zaidi ya mia moja, nazo ziko Lisbon. Mojawapo ni pambo la kifuani la mwanamke atokaye kinywani mwa kerengende, mabawa yametandazwa. Ni kubwa kiasi kwamba sidhani mtu angelivaa akaweza kula chakula chake kwa raha.

Kisha mtindo ukamwacha naye pia. Kufika maonyesho mengine ya Paris, ya mwaka 1925, watu walitaka mistari iliyonyooka, platini na mawe meusi. Wanawake walikwisha kukata nywele, na vitana vikubwa vya pembe havikuwa na kichwa cha kukalia. Lalique mwenyewe alikuwa amehamia katika kazi ya vioo. Vitana vyake vikalala katika masanduku miaka mingi bila kuguswa na sonara yeyote, kwa kuwa pembe haiyeyuki, wala ndani yake hamna jiwe la kung'oa.