Haki Isiyodaiwa

Haki ni kitu kimoja, kuidai ni kingine. Majalla, mkusanyo wa sheria za muamala za Kiislamu uliokamilishwa chini ya dola ya Uthmaniya mwaka 1876, uliyatenganisha mambo hayo mawili. Kwa kawaida kadhi hakusikiliza madai yaliyolala miaka 15 bila udhuru, lakini haki yenyewe haikufutika: mdaiwa akikiri mahakamani, alihukumiwa kulipa hata kama muda umekwisha kupita. Muda ulifunga mlango wa mahakama. Deni lilibaki shingoni.

Hakimiliki ina tabia hiyohiyo. Huzaliwa pale mtunzi anapoandika, na ukimya wake hauifuti. Nchini Marekani, binti wa mwandishi aliyehusika na mswada wa filamu ya Raging Bull aliwasilisha kesi mwaka 2009, miaka 18 baada ya kuhuisha hakimiliki hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kuchelewa peke yake hakukumzuia kudai, ila asingeweza kudai fidia kwa ukiukaji wa zaidi ya miaka 3 kabla ya kesi. Mambo hubadilika iwapo mwenye haki amemfanya mtumiaji aamini kwamba ameruhusiwa. Hapo kinachomfunga mwenye haki ni imani aliyoijenga kwa mwenzake, si wingi wa miaka.

Alama ya biashara ni tofauti kwa asili. Kazi yake ni kumwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani, hivyo uhai wake umo katika fikra za wanunuzi. Kampuni ya Bayer iliwauzia watengenezaji wengine dawa yake, nao wakaiuza kwa jina la aspirin bila kuitaja Bayer. Mwaka 1921 jaji Learned Hand aliona kwamba kwa wanunuzi wa kawaida wa Marekani neno hilo limekuwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Afrika Mashariki nako, anayeomba Colgate dukani huenda akaridhika na dawa ya meno yoyote. Mazoea ya namna hiyo yakienea bila mwenye alama kuyapinga, alama huwa hatarini.

Basi ukimya hauna nguvu moja kwa haki zote. Haki iliyosimama juu ya tendo la mtunzi huuvumilia. Iliyosimama juu ya maana ya neno hufifia maana hiyo inapohama.