Twamjuaje Mungu Alivyo?



Mwalimu mmoja wa usharika ulio upande wa magharibi wa Tabora alifiwa na mtoto wake wa miaka sita. Siku za ugonjwa usharika mzima ulifunga siku tatu na kuomba. Wazee wa kanisa walikesha nyumbani kwake kwa zamu, na wakina mama waliimba tangu jioni hata majogoo. Mtoto akafa. Baada ya maziko mwalimu alitujia, akaketi, wala hakulia. Akasema, "Baba Mchungaji, miaka kumi na miwili nimewafundisha watu kwamba Mungu ni upendo. Tumefunga, tumeomba, tumeimba. Basi leo mnifundishe mimi. Mungu ni nani?"

Tulimjibu upesi, nasi twaona haya kueleza jinsi tulivyomjibu. Tulimtolea maneno tuliyojifunza seminari: kwamba Mungu ni wa milele, yupo kila mahali, ajua yote, aweza yote, ni mtakatifu, ni mwenye haki, ni mwenye rehema. Maneno hayo yote ni ya kweli, hatuondoi hata moja. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, baba," akaenda zake. Usiku ule ndipo tulipotambua kwamba tulimpa mwenye kiu majina ya visima.

Basi swali lake twataka kulifikiri pamoja nanyi. Tabia ya Mungu hujulikana kwa njia gani? Na mambo tuyafanyayo sisi Wakristo siku kwa siku, yaani kuomba, kusoma Neno, kufunga, kuimba, kukaa kimya, kuja kwenye Meza ya Bwana, yatufundisha nini juu yake yeye tunayemwomba?

Sisi tukaao Tabora twaishi juu ya njia ya zamani. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, misafara ilitoka Bagamoyo kwa miguu, ikapita Ugogo, ikalivuka pori la Mgunda Mkali ambamo maji ni ya shida, ikafika kwetu Unyanyembe, na wengine wakaendelea hata Ujiji ziwani. Ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao waliiona kazi hiyo kuwa ya heshima. Kijana aliyekwisha kuiona pwani ndiye aliyehesabiwa kuwa mwanamume. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi kidogo.

Njiani walilipa hongo. Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi, ulisimama, wakaanza kujadiliana: doti ngapi za merikani, shanga kiasi gani, nyaya ngapi. Malipo yalipokubaliwa walipita, wakaruhusiwa kuteka maji. Yasipokubaliwa walikaa siku nyingi juani. (Leo neno hilohilo ni jina la rushwa, wala hatuna haja ya kueleza limetufikisha wapi.) Angalieni sasa: mtu alipaye hongo haujui moyo wa mtemi. Ajua bei tu. Kama mtemi ampenda au amchukia, hilo si shauri lake. Atakalo ni njia.

Twaogopa kwamba wengi wetu twafunga na kuomba kwa namna hiyo. Twamletea Mungu siku tatu za njaa kama doti tatu za nguo, tukangoja afungue njia. Ikifunguka, twasema amependezwa. Isipofunguka, twajiuliza kama tulipunguza malipo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alinong'ona baada ya maziko yale kwamba labda siku tatu hazikutosha, ingalifaa kufunga saba. Alisema kwa moyo safi. Lakini maneno yake yachora picha ya nani? Yachora mtemi aketiye njiani akihesabu nguo, na mtoto anakufa mbele yake. Huyo si Baba aliyefunuliwa katika Yesu Kristo. Na ubaya wa jambo hili ndio huu, kwamba kadiri mtu anavyozidi kufunga kwa nia hiyo, ndivyo picha hiyo inavyozidi kukaza ndani yake. Ibada yake yamfundisha uongo juu ya Mungu, naye adhani anamkaribia.

Martin Luther aliyajua haya mwilini mwake. Aliingia utawani Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama mara nyingi, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba siku zile alimchukia Mungu mwenye haki, maana alimwona kuwa hakimu asiyetosheka. Kisha Neno likamfungukia, akaona kwamba haki ya Mungu ni zawadi. Je, akaacha kuomba? Hata kidogo; aliomba sana mpaka mwisho wa maisha yake. Magoti yalikuwa yale yale na Zaburi zile zile. Lililoondoka ni hongo.

Mtu atauliza, kama mazoea ya ibada yaweza kupotosha hivyo, si afadhali kuyashika mafundisho peke yake? Wazee wetu wa Unyamwezi walimtaja Mungu kwa jina la Limatunda, yaani Muumba, kabla Injili haijafika. Walijua kwamba yupo, na ya kuwa vitu vyote vyatoka kwake. Hilo si dogo. Lakini mtu aweza kujua kwamba Muumba yupo, asijue hata kidogo Muumba huyo ana nia gani naye. Hata katekisimo, ikikaririwa kinywani tu, yaweza kumwacha mtu palepale. Mafundisho yatuambia tumfuate nani. Kufuata kwenyewe hakufanywi kwa kukariri.

Hapa twakumbuka habari ya Musa katika Kutoka sura ya 33. Musa aliomba auone utukufu wa Mungu. Hakunyimwa kabisa, wala hakupewa alivyotaka. Aliwekwa katika ufa wa mwamba, akafunikwa, na Bwana alipokwisha kupita akauona mgongo wake tu. Mwaka 1518, katika mjadala uliofanyika Heidelberg, Luther aliishika habari hiyo akafundisha kwamba mtu hamjui Mungu kwa kupanda juu kwa akili yake mpaka kwenye utukufu, bali kwa kumtazama katika mateso na msalaba, yaani upande ule wa mgongo.

Wapagazi wa njia yetu wangalielewa upesi kuliko sisi tuliosoma. Njia ilikuwa nyembamba, nao walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake. Kirangozi alitangulia na bendera, na sauti ya ngoma na baragumu ikasikika. Lakini mpagazi wa katikati, tangu alfajiri hata kambini, hakuona kitu ila mgongo wa aliyemtangulia. Hakuona mlima ulio mbele wala hakujua maji yako umbali gani. Hata hivyo, baada ya miezi mitatu aliujua mgongo ule kuliko ndugu wa mwenye mgongo alivyoujua: wainama wapi, wakaza wapi, bega gani lina kidonda. Alijifunza mtu kwa kumfuata.

Na mgongo tuliopewa sisi kuufuata una alama za mijeledi. Aombaye kila siku nyuma ya huyo, akiisoma Injili kidogo kidogo, akiingia kila mwaka katika juma la Mateso, akipokea mwili na damu mkononi na kinywani, hapati jibu la kila swali. Apata kumjua anayetembea mbele yake. Wala haji kwa malipo, maana aliyetangulia ndiye aliyebeba.

Karibu nasi, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, ni Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872. Stanley alimwacha pale tarehe 14 Machi akaenda pwani kumtafutia watu. Livingstone akangoja hata tarehe 25 Agosti, miezi mitano na zaidi. Wageni huenda kuitazama ile nyumba. Lakini sisi tukipita pale twamfikiri zaidi kijana aliyekuja pamoja na wale watu 57 waliotumwa na Stanley. Ni Jacob Wainwright, Myao kwa kabila, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa na wamisioni Nasik huko Bara Hindi.

Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na Chuma walisimulia kwamba walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko. Kisha waliukausha mwili wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike hapahapa. Wakakataa. Wakaendelea, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Jacob alisafiri na maiti mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza tarehe 18 Aprili. Baadaye alirudi Afrika, akafa Urambo, jirani zetu wa magharibi, mwaka 1892.

Twaifikiri saa ile chini ya mti. Hapakuwa na mchungaji wala kengele. Palikuwa na kijana, na kitabu, na wenziwe ambao wengi hawakuwa Wakristo. Hakuwa na la kumwombea bwana wake lililosalia. Sala ya maziko haiombi njia ifunguliwe. Safari ya mtu imekwisha. Kama kuna sala isiyoweza kuwa hongo, ndiyo hiyo. Na bado aliisoma.

Lakini tusiisifu njia hii kupita kiasi. Njia ile ile walipitishwa watumwa wenye minyororo shingoni. Tena, meno ya tembo yaliyopita Unyanyembe mabegani mwa watu yalivuka bahari mpaka Ulaya na Marekani, na mengi yalichongwa kuwa vipande vya kupigia vya piano. Bila shaka nyumbani mwa Wakristo wa huko, jioni, watu walimsifu Mungu kwa nyimbo, vidole vyao vikigusa pembe ambazo wenye kuzibeba hawakuwafahamu kabisa. Hatusemi walikuwa wanafiki. Hawakujua. Na sisi je, twaimba juu ya migongo ya nani? Isaya sura ya 58 yasema wazi ni mfungo gani Bwana autakao, nao una mambo ya nira na vifungo na mkate wa mwenye njaa. Ibada isiyomfumbua mtu macho aone mzigo wa jirani yake, huyo aliyemwona ndani yake si Mungu wa Isaya.

Tulirudi kwa mwalimu wetu. Safari hii hatukumfundisha. Tulikwenda jioni kwa jioni mwezi mzima, na siku tusizoweza alikwenda yule mzee wa kanisa aliyetaka siku saba, amebeba kuni. Tulisoma Zaburi moja, tukakaa kimya, tukasema Baba Yetu, basi. Jioni ya nne tulisoma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, isiyo na shukrani mwishoni. Mwalimu akainua kichwa. "Hii nayo imo?" Miaka kumi na miwili akifundisha, naye hajapata kuiona kweli. Akaomba tuisome tena.

Ilipita wiki mbili kabla hajaomba kwa kinywa chake. Sala yake ya kwanza ilikuwa na maneno machache, na mengi yake tusingaliruhusu kuyachapa katika gazeti hili. Tulimwacha amalize. Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuja Mezani pa Bwana, akapokea, akakaa amepiga magoti muda mrefu hata wenziwe wakarudi vitini. Kwa nini mtoto amekufa, hakutuuliza tena, wala sisi hatukusema kwamba twajua.

Sasa amerudi darasani. Mwezi uliopita wanafunzi wake wa kipaimara walifika kwenye somo la tabia za Mungu, nao sita. Hakufungua kitabu. Aliwachukua mpaka nyumbani kwa mjane mmoja aliyezika mumewe juma lile. Wakamtekea maji, wakaketi naye uani, wakasoma Zaburi moja, wakakaa kimya, wakarudi giza limeingia. Orodha ile tuliyompa sisi, ametuambia, ataifundisha Jumamosi ijayo.