Chomoa Chaja, Kisha Usali



Najua wengine mtashangaa: frateri mzima anaandika kuhusu kompyuta mpakato? Vumilieni kidogo.

Mvua zimeanza huku Sumbawanga, na radi zetu mnazijua. Kila msimu unasikia kijana analia kwamba kompyuta imeungua, na dakika chache baadaye ameshatajwa jirani fulani mwenye macho mabaya. Jamani! Jina la mji wetu wenyewe wazee wanatuambia maana yake ni "tupa uchawi", na sisi tunaukaribisha tena sebuleni. Radi ikipiga karibu na nguzo, umeme unafuata waya mpaka kwenye chaja, na kutoka kwenye chaja unaingia ndani ya kompyuta. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Chomoa plagi kabisa, tena mapema, mawingu yakianza kujikusanya. Ukishachomoa, sali. Mt. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haifuti maumbile bali huyakamilisha, na sioni kwa nini waya ziwe nje ya fundisho hilo.

Lakini radi siyo sababu yangu hasa. Nina swali: hiyo kompyuta ni ya nani? Utasema ni yako, risiti unayo. Haya. Kwa wengi wetu hapa Ufipa ni magunia ya mahindi yaliyouzwa kwa bei ya chini kwa sababu chuo hakikusubiri bei ipande. Na ndani ya betri mara nyingi mna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nchi tunayopakana nayo ziwani Tanganyika. Kule Kolwezi baadhi yake huchimbwa kwa mikono, na watoto wamekutwa kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo unapoibwaga mezani, unabwaga jasho la watu ambao hata hujawaona.

Mt. Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, sura ya 31, anamtaka mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyote! Sura inayofuata anaagiza akaripiwe anayevishika kwa uchafu au uzembe. Mimi nimesoma filosofia mpaka digrii, na ukurasa huo bado unanisumbua kuliko vitabu vingi vinene. Mtazame sakristani anavyoshika kalisi: mikono miwili, kitambaa safi, hana haraka. Halafu mtazame huyohuyo akiinyanyua mpakato kwa kona ya skrini.

Basi inyanyue kwa chini, mikono miwili. Usiitumie juu ya blanketi (najua Juni na Julai baridi ya huku inakurudisha kitandani), maana matundu ya hewa yanaziba, na joto ni adui mkubwa wa betri. Kiangazi ukishuka Mtowisa kwa gari la abiria, izungushie kanga ndani ya begi kuzuia vumbi, na begi lisiende kwenye keria. Inaitwa mpakato, ipakate! Usiiache kwenye chaja usiku na mchana. Ukiiweka kati ya asilimia 20 na 80, betri huzeeka polepole. Chai ikimwagika, chomoa, zima, igeuze chini juu, peleka kwa fundi. Mchele ni wa kula, usiifukie humo.

Kuna wengine wanakosea kwa upande wa pili. Kompyuta imefungiwa sandukuni, mdogo wake anayejiandaa na mtihani haruhusiwi hata kuigusa. Huko siyo kutunza. Mt. Tomaso anasema tuna haki ya kumiliki vitu ili tuvisimamie vizuri, ila kwenye kuvitumia tuwe tayari kuwashirikisha wenye shida. Ile talanta iliyozikwa ilitoka ardhini bila mkwaruzo hata mmoja, na bwana wake hakufurahi.

Kabla ya mazoezi ya kwaya Jumamosi, tafuta brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, zima kompyuta, pangusa yale matundu. Na wewe unayeandika tasnifu, nakili kazi yako kwenye flashi leo. Flashi usiiweke kwenye begi la kompyuta. Mwizi hubeba begi zima.