Kabla ya Lisbon, Kilwa

Safari fupi hupangwa kwa kukata. Mwenye mwezi mzima ugenini anaweza kupotea njia, akalala mchana, akarudi kesho yake mahali palipomvutia. Mwenye siku tatu lazima aamue mapema anataka kujua nini, la sivyo atarudi na simu iliyojaa picha huku hajui hasa alichokiona.

Nayasema haya kwa sababu binti yangu anayesoma Ujerumani amenialika tukutane Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwezi wa Mei. Akanitumia orodha ya mambo ya kuona: tramu namba 28 inayopanda vilima, ngome ya Mtakatifu George, Mnara wa Belém, kuta za vigae vya buluu, muziki wa fado, na vile vikeki vya mayai na maziwa vinavyouzwa Belém tangu 1837. Orodha nzuri, ya mtu aliyejitahidi kumfurahisha mama yake. Nikamwandikia: “Mwanangu, nimeipenda. Ila sijaona ndani yake tunakwenda kuuliza nini.” Akajibu: “Basi Mama, wewe unataka kuuliza nini?”

Ninachotaka kuuliza kinaanzia Kilwa. Mwezi wa Julai 1502, Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili ya kwenda India, alitia nanga hapo na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa mji, Ibrahim, akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na kwa muda mrefu Kilwa ndiyo iliyoishika biashara yake. Da Gama alifika nayo Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru kitengenezwe chombo cha kuwekea Ekaristi, kazi iliyofanywa na mfua dhahabu Gil Vicente na kukamilika mwaka 1506. Mwaka mmoja kabla ya kukamilika kwake, Wareno walikuwa wamerudi na Francisco de Almeida, wakaiteka Kilwa, kisha wakaipora na kuichoma Mombasa.

Chombo hicho kipo hadi leo. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, Lisbon. Kina urefu wa sentimita zipatazo 73, na ndani yake mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake. Kwenye kitako yapo maandishi yanayotaja dhahabu iliyotumika: kodi ya Kilwa. Jina la mji wetu limekaa pale kwa zaidi ya miaka 500, na nina hakika Watanzania wengi waliopita Lisbon hawakujua kwamba lipo.

Basi hilo ndilo swali langu: mtu wa pwani hii asimame vipi mbele ya uzuri uliolipiwa kwa dhuluma?

Baada ya hapo kupanga hakukuwa kugumu. Asubuhi ya kwanza ni ya makumbusho hayo. Tumekubaliana tusifike Jumatatu, siku ambayo makumbusho na majengo mengi ya kale ya Lisbon hufungwa, na tuhakikishe kabla ya kukata tiketi kwamba hakuna ukarabati uliowazuia wageni. Kutoka hapo si mbali kwenda mtaa wa Poço dos Negros. Jina lake linahusishwa na shimo ambalo Mfalme Manuel, huyohuyo wa chombo cha dhahabu, aliagiza lichimbwe mwaka 1515 ili wazikwe humo Waafrika waliokuwa watumwa mjini, kwa kuwa miili yao ilikuwa ikitupwa ovyo. Ninataka binti yangu aone vitu hivyo viwili siku moja, kwa mfuatano huo. Alasiri tutakwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa fedha zilizotokana na ushuru wa bidhaa za Afrika na Asia. Kaburi la da Gama limo ndani ya kanisa lake, na nitasimama hapo pia.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimekwenda kukusanya malalamiko tu, nami sitaki kumrithisha mwanangu malalamiko. Ndiyo maana siku ya pili ni ya uwanja wa Carmo.

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi liliuangusha mji. Baada yake yakaja mawimbi makubwa ya bahari, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Paa la kanisa la Carmo liliporomoka na halikurudishwa tena. Na mbele ya magofu hayo, tarehe 25 Aprili 1974, askari walioasi waliizingira kambi alimokimbilia Waziri Mkuu Marcelo Caetano, wananchi wakajaa uwanjani, na jioni akasalimu amri. Utawala wa kidikteta uliodumu tangu miaka ya 1920 ukaisha.

Maofisa walioongoza uasi ule walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kule Msumbiji waliokuwa wakipigana nao ni FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ambacho wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Mimi ni mzaliwa wa kusini, na nimekua nikiwasikia wazee wakiwataja wapiganaji hao kama watoto waliowalea wenyewe. Kwa hiyo Mreno anayepiga kura leo bila kuogopa polisi wa siri ana deni dogo pia kwa vijiji vya Nachingwea. Historia yetu na Lisbon ina pande zaidi ya ile ya mwizi na aliyeibiwa. Wamo watu waliokombolewa pamoja, pande zote mbili za bahari, ingawa wengi wao hawakuwahi kuonana.

Siku ya tatu tumeiacha wazi. Tutatembea Alfama, mtaa wa kale ambao sehemu yake kubwa ilinusurika mwaka 1755, tukae pale miguu itakapogoma, tumsikilize atakayetuzungumzisha. Tramu tukiipata, sawa. Tusipoipata, vilima tutavipanda kwa miguu.

Nimempa binti yangu sharti moja. Desemba akija likizo, twende kwanza Kilwa Kisiwani. Amezaliwa nchi hii, amesoma hapa hadi kidato cha sita, na hajawahi kufika. Ni basi kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, kisha mashua. Tutaingia Msikiti Mkuu, tutapanda hadi Husuni Kubwa, tutaiona ngome ya Gereza. Tutatembea katika mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake. Tangu 1981 magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kwa ombi la viza ya Ulaya pekee nitalipa euro 90 zisizorudishwa hata nikinyimwa, nikate na bima inayolipa gharama za hadi euro 30,000. Fedha ya safari ya Kilwa ni ndogo mno kulinganisha na hizo, na bado tunaiahirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu Kilwa haihami.

Sipingi mtu kwenda Ulaya kutalii. Nakwenda, na nitaufurahia mji ule kwa moyo wangu wote. Ninachoomba ni tusiende kama watu wasio na habari zao. Asiyeijua Kilwa atakipita chombo kile cha dhahabu akidhani ni kazi ya Wareno peke yao, au akiambiwa kilikotoka atawaka hasira bila kujua la kuifanyia. Anayeijua atawatambua wachimbaji wa bara, wachukuzi wa Sofala, wafanyabiashara wa Kilwa na mfua dhahabu wa Lisbon, wote katika kitu kimoja, na atakuwa na la kudai: kwamba jinsi kodi ile ilivyopatikana ielezwe wazi kwa kila anayekitazama, na kwamba watoto wanaosoma Kilwa Masoko wakifahamu chombo hicho kama wanavyoufahamu Msikiti Mkuu. Dai la kwanza nitawaandikia Lisbon. La pili ni letu wenyewe, na kulianza hakuhitaji viza.